Fundi Cherehani na Madalali Watatu

Fundi cherehani, jirani yangu wa duka la pili, hanunui kitambaa kabla hajakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza. Akikuta cha bei poa mno huuliza kwa upole, "Kina kasoro wapi?" na hatoki hapo mpaka muuzaji aone haya. Wiki hii cherehani yake imenyamaza. Shemeji yake kamwambia kuna hisa za bei ya chee, ila lazima apitie kwa dalali wa kwenye simu. Kapakua madalali watatu, na wote wanasema hawatozi chochote. "Sasa wanakula nini, jirani?" ananiuliza, tepu shingoni. "Na dalali gani huyu hana mdomo? Nataka kujua kasoro, ananionyesha mstari unaopanda na kushuka."

Jana nilimkuta kaiinamia simu, akiba ya cherehani ya pili imeshaingia kwa dalali wa kijani, aliyemchagua kwa rangi. Mbele yake kulikuwa na hisa za kampuni ya saruji, moja haifiki bei ya kifungo. Chini yake, mshale: telezesha kidole kununua. Akafumba macho. Kidole gumba kikaanza kusugua kioo, taratibu, kwenda na kurudi, kama kilivyozoea. Simu ikalia. Akafumbua macho, akasoma, akanisogezea nami nisome: "Hongera! Ununuzi umekamilika."

"Jirani," akasema, "wananipongeza kwa lipi?"