Nyasi Hazikuwa na Kidole

Mtu akiniambia anafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba na anaona faida, mimi humtazama kwanza mkewe. Nikishamwona anavyoinuka kitini, najua kama faida ipo au haipo.

Sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja, Temeke, enzi za Mwingereza, wakati kwetu bado ni minazi na mihogo na nyumba za udongo hapa na pale. Mume wangu alimnunua kwa fedha za urithi wa baba yake. Alfajiri alimkamua, akafunga debe la maziwa nyuma ya baiskeli, akaenda nalo Kariakoo kwa Mwarabu mmoja mwenye hoteli ya chai. Mwarabu yule alikuwa na bei moja, masika na kiangazi. Ukimwambia pumba zimepanda, anakwambia chai haijapanda.

Jioni mume wangu alikaa barazani akapiga hesabu kwa vidole. Alikunja cha gumba: mashudu, yale makapi ya nazi iliyokwisha kukamuliwa mafuta, aliyoyanunua kinuni mjini. Cha pili kilikuwa pumba, cha tatu dawa ya kupe, cha nne matengenezo ya baiskeli. Kidole cha mwisho hakukikunja, alikiacha kimesimama anionyeshe.

"Umekiona, bibie? Hiki chetu."

Nilikiona. Kidole cha nyasi ndicho ambacho sikukiona, kwa sababu nyasi hazikuwa na kidole. Hazikununuliwa. Zilikuwa bondeni kule Mtoni, za Mungu, na mwenye kuzikata alikuwa mimi.

Simlaumu peke yake. Sisi watu wa pwani tulilelewa na mnazi. Ukishaupanda ukakua, unakuzalia wewe umelala, na ng'ombe naye tukamchukulia vivyo hivyo. Kumbe ng'ombe hakuachi ulale. Kila asubuhi nilishuka bondeni na mundu, nikakata, nikafunga mzigo, nikajitwisha, nikapanda nao kilima huku umande unanichuruzika shingoni. Nikirudi nachota maji kisimani, maana ng'ombe anywavyo huwezi kuamini mpaka umchotee. Nikimaliza maji naosha zizi. Kiangazi nyasi za karibu zilikauka, nikawa naenda mbali zaidi kutafuta kidogo zaidi, na maziwa nayo yakapungua, na Mwarabu na bei yake ileile. Nikishamaliza yote hayo nakaa jikoni nanywa chai ya rangi, kwa kuwa maziwa ni ya kuuza.

Nilichoka. Sisemi kwa kujipamba. Zilikuwepo siku nilizolala na khanga ya kufungia mzigo bado iko kiunoni, na nikaamka nayo, nikaona afadhali, sina haja ya kuitafuta.

Nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu, mume wangu akaja na habari ya ng'ombe wa pili. Fedha zingetoka kwenye bangili zangu za dhahabu, mahari yangu.

"Tukiwa na wawili, kidole hiki kitakuwa viwili," akasema.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Tena hakuwa mtu mbaya. Aliamka kabla yangu, na miguu ilimuuma kwa baiskeli kama mgongo ulivyoniuma mimi, na ningemwambia nimechoka angenijibu kila mtu amechoka. Nikamwambia nitamjibu nikishatoka arobaini.

Nikajifungua. Mama yangu akaja kunilea, na kama ilivyo kwetu, mzazi hatoki nje wala hagusi kazi mpaka arobaini itimie. Ikabidi mume wangu atafute kibarua. Akampata kijana wa kutoka bara, mtu mpole, mchapakazi. Siku ya kwanza alitua mzigo wa nyasi mlangoni pa zizi akajifuta jasho.

"Na maji?" mume wangu akamuuliza.

"Maji yana bei yake, mzee."

"Na kuosha zizi?"

"Nako kuna bei yake."

Nilikuwa nimelala ndani na mtoto kifuani, nikasikia kila neno. Jioni ile vidole vya mkono mmoja havikutosha. Niliona kwa upenyo wa mlango anaanza mkono wa pili, anarudi nyuma, anaanza tena. Mama alikuwa hasemezani na mkwewe uso kwa uso, akauambia ukuta, kwa sauti ya kusikika barazani, "Nyasi zimekuwa ghali nyumba hii." Nikacheka mpaka nikashika tumbo. Bangili hazikutajwa tena wiki zote zile. Nikafurahi, nikasema moyoni, sasa ameona.

Siku ya arobaini nikaogeshwa, nikafukizwa udi, nikavaa doti mpya ya khanga aliyoninunulia mume wangu mwenyewe. Majirani wakaja, wakala, wakatuombea dua, wakaondoka. Nikapitia uani kwenda kumwaga maji, nikaona mundu umeegemezwa ukutani. Ulikuwa umenolewa hadi unang'aa, na umetiwa mpini mpya.

"Yule kijana nimemwachisha jana," mume wangu akaniambia nyuma yangu, kama mtu aliyetua mzigo. "Sasa tutapumua."

"Nani atapumua?"

Akaugusa ule mpini mpya.

"Nilipe ulichokuwa unamlipa yeye," nikamwambia. "Nyasi, maji na zizi. Ukishanilipa, ndiyo tuzungumze habari ya bangili."

Akacheka. Akanitazama, akaona mie sicheki. Akainua mkono kwa mazoea yake, akakunja mashudu, akakunja pumba, akakunja dawa na baiskeli, akabaki anakitazama kile cha mwisho. Halafu akakikunja nacho, akaingia ndani.

Ng'ombe aliuzwa. Watu walimuuliza barazani kulikoni, akawaambia mashudu yamepanda bei, nao wakaitikia kwa masikitiko, maana kila kitu kinapanda. Nilikuwa ndani nanyonyesha, nikamsikia, nikamwacha. Nilikuwa nimechoka mno kumsahihisha mtu mbele ya wenziwe.

Mwaka ule mashudu hayakupanda hata senti moja. Aliyepanda bei ni mimi.