Tulivyowaombea Watoto wa Wachuma Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa shirika hakunionyesha mtoto hata mmoja. Alinionyesha kabati la makaratasi. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya shirika hilo la kanisa kuniajiri mjini Kericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na nilidhani nimeitwa kukaa na vijana baada ya masomo. Mratibu, mama mpole aliyevaa koti zito mvua inyeshe isinyeshe, aligonga mlango wa kabati akasema, "Madam Rael, hapa hatufundishi. Hapa tunatafuta wafadhili. Ukipata mfadhili, watoto watapata mwalimu."

Nyinyi mnaofanya kazi hii kwa kompyuta, wacha niwaambie ilivyokuwa. Chombo chetu kilikuwa andiko la mradi, yaani maelezo ya shida iliyopo, mnachotaka kufanya, na gharama yake. Tuliandika kwa taipureta. Ukikosea sentensi, ukurasa mzima unarudiwa. Kabla ya kuandika ulifanya tathmini ya mahitaji, jina kubwa la jambo la kawaida: kwenda kuwauliza watu wanataka nini. Mratibu alinifundisha kwenda kwa miguu, na kwenda saa ya shida yenyewe. Watoto walitoka shuleni alasiri, wazazi wao wakiwa bado kwenye mashamba ya majani chai, wakingoja kupimiwa walichochuma. Hapo katikati mtoto hakuwa na mtu. Wasichana hasa. Kulikuwa na wanaume kwenye kambi walikoishi wachumaji walioijua saa hiyo vizuri kuliko sisi.

Andiko letu la kwanza lilikubaliwa. Tukafungua ukumbi katika kambi moja ya wachumaji, nje kidogo ya Kericho. Watoto walifanya kazi za shule, wakaimba, wakacheza voliboli nyuma ya ukumbi hadi wazazi wafike. Wa Kipsigis na wa Kisii walikaa benchi moja, wakibishania hesabu kwa lugha tatu. Kati yao alikuwemo Kemunto, msichana wa darasa la nne aliyesoma kwa sauti ya juu mpaka wenzake wakamwita mtangazaji. Mama yake, Bosibori, alikuwa mchumaji, Mkisii. Alikuwa akipita kumchukua na kikapu bado mgongoni, na alikuwa na neno moja tu la Kipsigis, lugha yangu, ambalo aliniambia kila jioni: "Kongoi." Asante.

Kisha Mratibu akastaafu, na tukaletewa Mkurugenzi.

Huyu alikuwa kijana, mwenye digrii na tai. Alinifundisha kwamba mfadhili ana msimu. "Mwaka huu wanataka mazingira," alisema, na nikaandika kwamba watoto wetu wanapanda miti. Mwaka uliofuata wakawa watoto wa kupambana na ukimwi. Baada ya mapigano ya kikabila, wakawa watoto wa amani. Walikuwa watoto walewale, kwenye benchi zilezile! Nilipomwambia wanachohitaji ni mwalimu na taa, alicheka. "Madam, taa si mradi."

Siku moja mgeni akaja kutoka ng'ambo kuukagua ukumbi kabla ya fedha kutolewa. Bosibori alikuwa amemwambia binti yake avae viatu vya Jumapili, na sweta aliyoifuma mwenyewe. Mkurugenzi alifika kabla ya gari la mgeni, akawatazama watoto, akanivuta kando.

"Hawa wamevaa vizuri sana. Waambie watoe viatu na sweta."

"Kuna baridi, bwana Mkurugenzi. Na ni nguo zao."

"Mzungu akiona viatu atauliza tunaomba nini."

"Mimi sitawaambia."

Akawaambia yeye mwenyewe, kwa tabasamu, kana kwamba ni mchezo. Watoto wakatii, maana ni mtu mkubwa. Viatu vikarundikwa nyuma ya mlango. Mgeni alipoingia, walikuwa wamesimama miguu mitupu juu ya saruji, wakiimba wimbo wa kumkaribisha, wengine wakitetemeka.

Wakati huo wachumaji wakaanza kurudi. Bosibori akasimama mlangoni, akamwona mwanawe. Hakungoja wimbo uishe.

"Nani ametoa mtoto wangu viatu? Hiyo viatu nimenunua na hii mikono yangu! Mtoto wangu si maskini ya kuonyeshwa watu!"

Mgeni akauliza mama anasema nini. Mkurugenzi akamjibu kwa Kiingereza laini: "Anasema watoto wao hawana viatu. Anaomba msaada wenu."

Nilisimama nikamwambia mgeni, kwa Kiingereza changu cha ualimu, kila neno alilosema Bosibori, na viatu viko wapi. Mgeni akawa mwekundu, akatazama chini. Kisha akainua kamera yake, akampiga Kemunto picha, miguu mitupu.

Fedha zilikuja. Zilipangiwa semina za wadau, yaani sisi wakubwa, katika hoteli. Mwalimu hakulipwa, ukumbi ukafungwa kwa watoto ukawa stoo ya viti vya semina. Mimi nikahamishiwa Chebunyo, mbali na mashamba ya chai, "kuimarisha ofisi ya huko". Ofisi ya huko ilikuwa mlango mmoja kando ya soko la ng'ombe. Niliporudi Kericho likizoni nilimkuta Kemunto kwenye majani chai kando ya mama yake, kikapu mgongoni. Aliniuliza jambo moja tu: "Madam, mtafungua lini?" Bosibori aliendelea kuchuma. Hakunitazama.

Huko Chebunyo sikuandika maskini wa kubuni. Niliwauliza wazazi, wakatoa chumba cha kanisa, na mwalimu mstaafu akakubali kuja kila alasiri. Maandiko yangu mengi yalikataliwa. Machache yalikubaliwa, na yote yalisema ukweli.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Shirika liliniandalia chakula cha kuniaga, mjini Longisa. Mkurugenzi alikuwa amepanda, sasa Mwenyekiti wa Bodi ya shirika, na ndiye aliyetoa hotuba. Alisema nimebadilisha maisha ya mamia ya watoto. Watu wakapiga makofi. Nikaomba kipaza sauti.

"Kongoi, Mwenyekiti. Nitajie mmoja."

Akacheka. Watu wakacheka pia.

"Mtoto mmoja tu. Jina lake."

Kicheko kikaisha polepole, meza baada ya meza. Niliendelea kusimama na kipaza sauti mkononi, nikimngoja. Alinitazama, akawatazama wanabodi wake. Kisha akageukia wahudumu na kuwaambia wagawe soda.