Salamu Maria ya Tatu

Juzi mlipuko wa mgodi ulitikisa vikombe vyangu kabatini, nikajikuta natamka Salamu Maria.

Alasiri moja nikiwa mtoto, darasani kwetu mtaani Dilala, king'ora cha mgodi kililia. "Batoto, chini ya meza, tuombe!" alisema Mama Sista, mwalimu wetu. Yeye alisimama dirishani, akitutazama, mikono ameitandaza kama msalaba. Kwenye Salamu Maria ya tatu ardhi ilinguruma, chokaa ya ukuta ikadondoka kando yetu, ikinuka puani. Kisha kimya.

"Mama Sista, udongo inakusikia?" nilinong'ona.

"Inasikia Mungu. Bado, inama!"

Kwa miaka mingi niliamini ndiye aliyeinyamazisha ardhi. Leo najua baruti ya mgodi ilikuwa na saa yake ya kulipuliwa. Najua pia kwamba dirisha lile lilikuwa la vioo, na mgongo wake ndio uliotukinga.