Solusheni Mbili Katika Mfuko wa Baba

Enzi zetu, kabla kila kona ya Ukambani haijapata fundi na kibanda cha pampu, mwenye pikipiki alisafiri na gereji yake mwenyewe. Wenzangu mliokula vumbi la Mwingi mtanielewa. Ninyi mliozaliwa juzi, wekeni simu chini kidogo, hazitakimbia.

Baba yangu alikuwa mchungaji wa makanisa matatu madogo, na la mbali kabisa lilikuwa Nuu. Pikipiki yake nyekundu ilikuwa na miaka mingi kuliko kaka yangu Musyoka, na tabia zake mbaya zilikuwa nyingi kuliko za Musyoka, jambo ambalo si dogo. Nyuma ya kiti alifunga mfuko wa turubai wa kijani. Mama, ambaye sisi tulimwita Mwaitu kama watoto wote wa kwetu, aliushona kwa mkono kutoka kwa kipande cha hema la zamani la mikutano ya injili. Ukiinusa turubai ile, ulipata grisi, petroli na, kwa mbali, ndizi mbivu.

Kupakia mfuko huo ilikuwa kazi ya familia nzima. Siku moja kabla ya safari, jua likiwa bado juu ya paa la jikoni, Mwaitu alitandika leso kuukuu uani. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, ilikuwa inachemka ndani, kuku wakizunguka wakidhani tunaanika mahindi. Tulinawa mikono kwanza. Watu wengine hunawa baada ya kushika spana, lakini Baba alitaka tunawe kabla, maana aliamini chembe moja ya mchanga inaweza kumlaza mtu porini. Musyoka alikuwa na spana, koleo, bisibisi, plagi ya akiba na kebo ya klachi. Mimi nilikuwa na vitu vya pancha: vyuma viwili vya kung'olea tairi, viraka, msasa, pampu na solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka. Mwaitu alileta kipande cha sabuni ya kufulia na viazi vitamu vilivyofungwa kwa karatasi.

Sasa, Baba alikuwa na sheria yake. Hakuna kitu kilichoingia mfukoni bila ushuhuda. Aliinua kila kifaa juu, na mwenye nacho alisema siku kilipomwokoa Baba njiani. Sabuni? "Jiwe lilitoboa tangi karibu na shule, ukasugua sabuni, petroli ikaacha kuvuja, ukafika nyumbani." Kiungo cha cheni? "Cheni ilikatika katikati ya mto wa mchanga, na mawingu yameanza kuwa meusi." Baada ya kila ushuhuda tulisema "Asante Mungu," kisha kifaa kikaingia. Kisichokuwa na ushuhuda kilibaki nyumbani, maana mfuko haukuwa lori. Na kitu ambacho angekihitaji kwanza kiliwekwa mwisho kabisa, juu, ili mkono ukikute bila kutafuta.

Sikujua wakati huo kwamba tulikuwa tukifundishwa kushukuru. Nilidhani tunapakia tu.

Dhambi yangu ilianzia kwenye blada. Kama wewe ni msichana wa enzi zile na hukucheza blada, nakuonea huruma. Tulikata tyubu kuukuu vipande vyembamba, tukaviunga kuwa kamba ndefu. Wasichana wawili waliivuta kwa miguu, mwingine akaruka katikati, ikapandishwa kutoka kifundoni hadi magotini hadi kiunoni, huku tukiimba na marinda yakiwa yameingizwa kwenye chupi bila aibu yoyote. Shida ya blada yangu ilikuwa mafundo. Yalichapa miguu, na kila siku moja lilifunguka. Basi nikakumbuka jinsi Baba alivyobandika viraka. Nikachukua msasa wake na solusheni yake, nikaunga kila kipande bila fundo hata moja. Shule nzima haikuwa na blada laini kama ile. Kwa wiki mbili wasichana walinibebea vitabu.

Lakini solusheni iliisha. Nikakunjua sehemu ya chini ya ile tyubu ndogo ya solusheni, nikaijaza ubandiko wa unga wa ngano niliokoroga kwa maji, ule tuliobandikia majalada ya vitabu, nikaikunja tena kwa meno. Ukiishika, ilikuwa imenona vizuri.

Ijumaa hiyo tulikuwa tukipakia kwa ajili ya harusi ya Kalunde huko Nuu. Kila mtu alijua habari ya Kalunde. Harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya ukame, mara ya pili mchumba wake aliyefanya kazi Mombasa akanyimwa likizo. Safari hii kijana alipewa siku mbili tu, na Jumapili alikuwa lazima apande basi. Wajomba wa Kalunde walishasema wazi kwamba ikishindikana tena, basi, msichana atafutiwe njia nyingine. Na mchungaji wa kuwafungisha ndoa alikuwa mmoja tu, baba yangu.

Akainua solusheni. "Ushuhuda?"

"Mwiba wa mgunga," nikasema, nikitazama kuku. "Ulikuwa unaenda kuzika, ukafika."

Akaiminya kidogo. "Imejaa. Asante Mungu."

Nami nikaitikia "Asante Mungu" kwa sauti kubwa kuliko wote. Hebu fikiria.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya pikipiki, kwa maana Kalunde alikuwa amenichagua kubeba maua. Nilivaa rinda jeupe lenye marinda mengi, nikafungwa leso juu yake ili vumbi lisiniharibu. Chini ya rinda nilikuwa nimejizungushia blada kiunoni, niwaonyeshe wasichana wa Nuu kwamba Mwingi tuko na maendeleo.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia gurudumu la mbele lilipoanza kucheza. Baba akasimamisha, akachuchumaa, akachomoa mwiba mrefu kama kidole changu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa akiimba tenzi. Aling'oa tairi upande mmoja, akatoa tyubu, akapata tundu, akapiga msasa.

"Mwende, lete solusheni."

Nikampa.  Akaminya, kikatoka kitu cheupe chenye harufu ya uchachu. Akanusa. Akagusa kwa ncha ya ulimi. Akaacha kuimba.

"Mwende, hii ni unga."

"Ndiyo, Baba."

"Na solusheni yenyewe iko wapi?"

 Nilifungua leso, nikainua rinda, nikamwonyesha.

Wakati huo huo akatokea mama mmoja akiswaga punda wake wenye mitungi, akielekea mtoni. Alimjua Baba. "Pasta! Kwani harusi ni ya hapa kwa barabara?"

"Ni pancha, mwaitu."

"Huyo msichana ameoga kabla ya jogoo kuwika. Amengoja sana, Pasta. Akikosa leo, wale wajomba hawatangoja tena."

"Ataolewa leo, mwaitu. Hata kama ni kwa miguu."

Lakini kwa miguu tusingefika kabla ya giza, na sote watatu tulijua hivyo. Mama yule akatikisa kichwa, akaenda na punda wake. Nilianza kulia. Nilimwona Kalunde amekaa na shela lake, akitazama barabara, na aliyemfungia njia ni mimi na blada yangu.

Baba alinyoosha mkono. Nikaivua blada, nikampa. Akashika pande mbili za kiungo kimoja, akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikuachia. Akajaribu kiungo kingine. Akaniangalia kwa mshangao.

"Ulipiga msasa kwanza?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukangoja solusheni ikauke kidogo, ndio ukabandika?"

"Nilihesabu mpaka mia. Kama wewe."

"Umefanya kazi safi," akasema. Kisha akatoa kisu. "Nikate?"

Mpaka leo swali hilo hunishinda. Mimi ndiye niliyeiba, na yeye ndiye aliyeniomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Akakata kipande kirefu, akaukunja ule mpira wa tyubu palipotoboka, akauzungushia blada kwa kuvuta sana, raundi baada ya raundi, akafunga. Tukapiga pampu kwa zamu. Upepo ukakaa.

Ukakaa kiasi. Gurudumu lilirukaruka kwa sababu ya lile fundo, na kila baada ya vilima viwili tulishuka kupiga pampu tena. Tulifika Nuu saa tisa, waimbaji wamekaukwa na koo, wajomba wamekaa chini ya paa la nyasi wamekunja mikono. Kalunde alipoiona pikipiki alisimama, shela likamwanguka, na vigelegele vikaanza kabla hata Baba hajanawa. Kwa kweli hakunawa vizuri. Kwenye cheti cha ndoa cha Kalunde, pembeni, kuna alama ya kidole gumba cheusi cha grisi. Amewahi kunionyesha. Anasema ndiyo sahihi anayoiamini zaidi.

Safari iliyofuata nilisubiri kuambiwa nisishike tena vitu vya pancha. Leso ikatandikwa. Baba akaja na solusheni mbili mpya. Akainua ya kwanza, nikasema mwiba wa mgunga. Akainua ya pili, na Musyoka akauliza, "Hiyo ushuhuda wake ni gani?"

"Hii ni ya Mwende," Baba akasema. "Ushuhuda wake anaujua yeye."

Ikaingia mfukoni. Hakumwambia Mwaitu, hakumwambia Musyoka, na hakuwahi kunitolea mfano kanisani, ingawa mchungaji haachi kutafuta mifano. Tangu hapo, nikihitaji solusheni nilichukua yangu bila kuuliza.

Leo mimi ni afisa wa kilimo, Kasikeu, na nina pikipiki ya kazi. Vijana wa boda huku ni wazuri, nawapenda, lakini mizigo yao hunichekesha. Utakuta mmoja ana redio, ana taa za rangi tano, ana mwavuli, ana chaja ya simu. Spana hana. Akipata pancha anampigia fundi, kisha anakaa kwenye jiwe akijipiga picha. Nikisimama na kufungua mfuko wangu ananiuliza, "Madam, kwani wewe ni fundi?" Namwambia hapana, mimi ni mtoto wa mchungaji. Haelewi.

Mwezi uliopita Baba aliacha kuendesha, macho yamekataa. Alinitumia ule mfuko wa turubai kwa basi. Nikatandika leso uani kwangu, nikatoa kimoja kimoja. Sabuni, imekauka ikapasuka. Kiungo cha cheni. Viraka. Na chini ya hivyo, solusheni mbili. Moja ilikuwa imekunjwa nusu. Nyingine ilikuwa mpya, haijatobolewa mdomo.

Nikampigia simu. "Baba, hii solusheni ya pili umenunua lini?"

"Mwaka huu. Ile ingine ilikuwa imekauka. Huwa zinakauka, nabadilisha."

"Lakini mimi niliacha blada nikiwa darasa la saba."

"Najua," akasema. "Lakini ni yako."

 Kisha nikasikia sauti ya Mwaitu kwa nyuma, kali kama zamani: "Muulize na unga wangu wa chapati ya Krismasi atarudisha lini!"

Kumbe alijua miaka hiyo yote. Tulicheka watatu mpaka simu ikakatika.

Enzi zile barabara zilikuwa mbaya na vitu vilikuwa vichache. Sasa lami inatufikia na vitu vimejaa madukani, lakini sijui ni nani leo angeweza kubeba gundi ya mtoto wake miaka thelathini, akiibadilisha kila ikikauka. Nilinawa mikono, nikaanza kupakia upya. Nilipofika kwenye ile mpya niliinua juu, nikatoa ushuhuda wake wote kwa sauti, tangu unga hadi kidole gumba, kuku wakinitazama. Nikasema asante Mungu. Kisha nikaiweka mwisho kabisa, juu ya vyote.