Shati la Orrin

Mimi na takataka hatupatani, na kila anayenijua analijua hilo. Mwaka wa tisa huu nasimamia kambi hapa kwenye jangwa la juu, upande wa Oregon ambako mvua tunaisikia kwa majirani, na kila siku natembea na gunia langu. Nikikuta kopo la bia chini ya mtarakwa, natukana mpaka mbwa wa wageni wanajificha nyuma ya mahema. Wageni hunicheka. Wacheke tu. Kiherehere changu hicho ndicho kilichomponza Verla Hutchens, na leo nitakisema chote.

Verla alikuwa msimamizi mwenzangu. Huku kwetu, watu wakistaafu, wengine huhamia kwenye trela, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, kila kiangazi wakalinda kambi. Mshahara hakuna, unapewa mahali pa kuegesha bure, na kelele za wageni juu yake. Alikuwa amepika shuleni miaka thelathini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kambi yetu inapokea mbwa, mradi wafungwe kamba, na sheria hiyo aliishika Verla. Alikuwa na biskuti kwa kila mbwa na karipio kwa kila mwenye mbwa.

"We kaka," angemwambia mgeni, "huyo mwanao mbona hana kamba? Anatafuta nyoka wa kucheza naye?"

Mumewe, Orrin, alikuwa mtu wa maneno manne kwa siku, na matatu kati ya hayo alimwambia mbwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Boone, wa rangi ya kahawia, sikio moja nusu. Boone alikuwa wa Orrin. Verla alimlisha, akamchana manyoya, akamtoa miiba, na mbwa akampokea kwa adabu tu, kama mgeni anayengoja mwenye nyumba arudi.

Orrin alifariki mwezi wa pili, moyo ulisimama akiwa anafunga viatu. Mwezi wa sita Verla akaja peke yake, akiivuta trela mwenyewe, Boone kiti cha mbele.

"Kila kituo cha mafuta ananyoosha shingo," aliniambia. "Anadhani Orrin ndiye anayetoka dukani. Na mimi, Lyle, Mungu anisamehe, nanyoosha yangu."

Kiangazi hicho aliniambia pia kuhusu mfuko. Kuna nguo ya Orrin hakuifua, ile aliyoivua usiku wa mwisho, akaitia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga fundo. Jumapili asubuhi alikuwa akiufungua, anaingiza pua, anafunga tena.

"Mara moja kwa wiki tu," alisema. "Nikifungua kila siku, atakwisha."

Sikuomba kuiona. Mambo ya mjane hayo, nikageuza maneno tukazungumzia bei ya gesi.

Mwezi wa nane nikaenda kwa binti yangu mjini kutolewa mtoto wa jicho. Siku ya pili tangu niondoke, radi ikapiga kavu, ile isiyo na hata tone. Boone akaikata kamba, akaingia jangwani. Haya yote niliyajua baadaye. Huku simu haishiki, na hakuna aliyeniambia.

Verla aliita mpaka ile sauti yake ikakauka. Mama mmoja aliyepiga hema na mbwa wake watatu ndiye aliyemshika mkono. "Dada, acha kuita. Mbwa mwenye hofu hamjui hata aliyemzaa. Weka maji pale alipokimbilia, na nguo yenye harufu ya mtu anayempenda. Halafu ondoka kabisa."

Verla akaweka sweta lake. Siku mbili, hakuna kitu. Mchunga ng'ombe akasema amemwona kwa mbali karibu na ziwa kavu, mbavu zinahesabika, alipomwita akakimbia. Siku ya tatu Verla akaufungua mfuko. Akalitoa shati, akalitandaza mchangani kando ya bakuli la maji, kwenye upepo na jua lile, akaondoka bila kugeuka. Alijua anachokitoa. Mume alikuwa amekwisha kwenda. Angalau mbwa wake arudi.

Asubuhi iliyofuata ndipo nami nikarudi, jicho moja na bandeji. Upepo ulikuwa umelisukuma shati mpaka kwenye kichaka cha kando ya barabara. Nikaliona. Nikakanyaga breki nikaanza kutukana peke yangu garini, watu gani hawa, jangwa zima wamelifanya kabati! Bakuli sikuliona, wala sikutazama. Ila lilikuwa shati zuri, zito, la mirabaraba, na mtu wa umri wangu hatupi shati zima. Nikafika kwenye trela yangu, nikalichovya kwenye ndoo na sabuni ya unga, nikalisugua, nikalisuuza mara mbili. Jua letu hukausha shati kabla hujamaliza kahawa.

Nikalikunja vizuri nikampelekea Verla, maana sanduku la vitu vilivyookotwa alilitunza yeye. Nilimkuta ameketi mlangoni, macho mekundu.

"Tazama hili, bibi," nikasema kwa furaha kabisa. "Limeokotwa barabarani. Lilikuwa linanuka jasho na tumbaku, lakini nimelikomesha. Harufu yote imetoka."

Alilipokea. Akaliweka usoni. Nami mpumbavu nimesimama nangoja kushukuriwa.

"Umelitoa wapi, Lyle?" aliuliza, na sauti ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia kwake.

Tukaenda kwa gari langu, akinieleza njiani. Bakuli lilikuwa limenywewa hadi chini. Nyayo za Boone zilitoka upande wa ziwa zikafika pale shati lilipotandazwa, zikazunguka, zikazunguka tena, zikafuata mpaka kile kichaka. Hapo ardhi ilikuwa imekwaruzwa. Kisha zikarudi zilikotoka, juu ya alama za tairi zangu. Alikuja. Alikuja akamtafuta, na mimi wakati huo nilikuwa nasuuza.

Nililia. Mzee wa miaka sabini na moja, nimepiga magoti mchangani naomba radhi. Verla alinishika bega.

"Hukujua, babu we. Inuka, utaharibu hilo jicho."

Akaufungua mkoba wake, akatoa ule mfuko wa plastiki, mtupu. Akaugeuza ndani nje, akaufunga kwenye kichaka kwa mafundo mawili. "Labda humu harufu imebaki kidogo," alisema.

Alingoja mpaka theluji ya kwanza, kila siku amevaa lile shati lisilonuka kitu. Boone hakuonekana tena. Sasa anakaa kwa dada yake mjini Boise, miguu imekataa trela. Jumapili napanda kilimani ambako simu inashika, nampigia, na swali lake ni moja.

"Mfuko upo?"

"Upo," namjibu. "Na maji nimebadilisha."

Wiki iliyopita nilimkuta mwanamume mmoja, mtu safi, mbwa wake kwenye kamba, gunia la takataka mkononi, ameshaanza kufungua fundo la kwanza. Umepauka ule mfuko, umechanika, unapiga kelele kwenye upepo. Jangwa lote halina uchafu wa kuchukiza kuuzidi. Nilimkimbilia nikipiga kelele, naye akageuka akanikodolea macho. Nikamwambia tu auache, kuna mbwa anausubiria. Akaniuliza ni mbwa gani. Nikalifunga tena lile fundo, nikamwonyesha upande wa ziwa.