Vidonge vya Dada

Mtaani walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa fundi cherehani na kwa sababu konde lake la kushoto lilichoma. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, bondia wa kilo hamsini na nne. Kwenye timu ya taifa uzito huo ulikuwa na nafasi moja tu, na kocha alishamwambia wazi kwamba mwaka huu ndio wa mwisho kumjaribu.

Dada yake alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Siku moja alimwona mdogo wake akishuka ngazi kinyumenyume, miguu imekaza kwa mazoezi, roho ikamuuma. Akamletea vitamini C na E. Mazoezi makali huzalisha taka zinazoshambulia misuli, alimweleza, na vidonge huzifagia. Vinne kila asubuhi, naye akisimama mbele yake mpaka vimezwe, utadhani askari magereza. Baada ya wiki chache Sindano akashuka ngazi kama watu wengine.

Hapo ndipo alipopotea, maana mabondia hujipima kwa maumivu. Yakitoweka, mtu anajiona ameiva. Kocha yeye alipima kwa vidole. Baada ya raundi ya sita alikushika shingoni, akahesabu mapigo ya moyo, akayaandika ukutani kwa chaki. Ya mwenzake wa mazoezi, muuza mitumba wa uzito uleule, yalishuka kila wiki, dalili kwamba mwili unaiva. Ya Sindano yaligoma palepale kwa wiki kumi.

"Wewe unakula nini?" kocha akamuuliza.

Akamtajia. Kocha akaguna.

"Siwezi kuapa ndiyo sababu. Ila nasikia kuna wanamichezo waliopimwa wakimeza vidonge kama hivyo. Ukizifagia taka zote, mwili haupati habari kwamba umefanya kazi. Unabaki vilevile. Nani kakupa dozi hiyo?"

"Nimejinunulia mwenyewe."

Nafasi akapewa muuza mitumba, na alistahili. Sindano akampa mkono, akafungua bandeji, akaoga, akaondoka. Iliuma, tusidanganyane.

Dada alikuwa akimsubiri mlangoni, bado kavaa koti jeupe la dukani.

"Kocha kasemaje?"

"Kasema umri umenitupa mkono, dada."

Dada akamkumbatia, akawa wa kwanza kulia. "Nisamehe, mdogo wangu. Ningekupa dozi kubwa zaidi tangu mwanzo."

"Acha hayo," alisema Sindano, akimfuta machozi. "Vilinisaidia sana."