Kimya Kati ya Gari na Gari

Ujumbe wa mwenyekiti Kiema uliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya Mbio za Nyika Jumanne mchana. Wakati huo Kalunde alikuwa kwenye cherehani yake sokoni Mukuyuni, akishona kola ya shati la shule. Simu ikatetemeka mara moja, ikanyamaza. Halafu ikaanza kutetemeka bila kukoma, mpaka ikaanza kutambaa mezani yenyewe kama mdudu.

Kiema alikuwa ameandika kwamba mwaka huu mchujo wa Jumamosi utabadilika. Tangu mbio hizo zianze kwenye nyika iliyo nyuma ya Sultan Hamud, magari yalikuwa yakichujwa moja moja. Dereva aliingia njiani peke yake, akapimwa kwa saa, akatoka, ndipo mwingine akaitwa. Wenye kasi zaidi walipewa nafasi za mbele Jumapili. Sasa magari yangeachiliwa kwa makundi, na kila mzunguko gari la mwisho lingetolewa, hadi yabaki machache. "Watu wanachoka kungoja," mwenyekiti alimalizia. "Tunataka moto."

Moto aliupata.

"Mwenyekiti, hizi ni mbio ama ni ng'ombe wanapelekwa kisimani?" akauliza mmoja.

"Mimi hutoka Kitui mpaka huko kuona dereva. Vumbi niko nalo nyumbani."

Mwalimu mmoja mstaafu wa Matiliku alituma ujumbe wa sauti mrefu, sauti ikimkatika kama aliyefiwa. Alisema gari likiwa peke yake unamjua mtu alivyo, moyo wake na uoga wake. Ukiwachanganya wote, mwenye gari zito atawasukuma wenzake kando na mtamwita bingwa. Vijana wa Sultan Hamud walimcheka. "Wazee, relax! Hiyo ya gari moja moja ni kama kungojea chai ya matanga."

"Chai ya matanga mtainywa," mtu akajibu. Baada ya hapo grupu ilinyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kwamba Kalunde naye yumo humo, anasoma.

Mumewe Kivuva alifia kwenye mchujo. Alikuwa dereva wa lori la maembe, na pesa zake za ziada, na za nyumba pia wakati mwingine, ziliishia kwenye Datsun kuukuu ya manjano. Rafiki yake Mikail, fundi wa Kitui mjini, ndiye aliyekuwa akiifufua kila mwaka. Jumamosi ile Kivuva aliingia njiani peke yake, watu wakaliona vumbi lake likikimbia kuelekea kona ya korongo. Wakangoja atokee upande wa pili. Hakuna aliyepiga kelele. Uwanja mzima ulijua kabla ya mtu yeyote kufika kule, kwa sababu gari lilikuwa moja tu na halikutoka.

Wengi walidhani mjane hatakanyaga tena mbioni. Lakini Agosti iliyofuata Kalunde alikuja na kiti cha plastiki, akapita jukwaa la watu na wauza miwa, akaenda kuketi peke yake juu ya kona ya korongo. Kila mwaka tangu hapo akawa anaketi pale. Watu walisema ni mapenzi. Wengine walisema anamwekea mumewe kesha. Mchungaji wake alimwambia mara moja, kwa upole, kwamba wafu hawatembelewi, na Kalunde akaitikia, "Ndiyo, pasta."

Hakumwambia mtu kinachompeleka. Gari moja likishapita, kabla lingine halijaitwa, nyika ilitulia kimya. Na katika kimya hicho, chini kule korongoni, Kalunde alisikia Datsun. Haikuja kila mara. Ilikuja ikinguruma taratibu kama gari lililosimama likimsubiri mtu, kisha ikakohoa, kile kikohozi ilichokuwa nacho Kivuva akiondoa mguu kwenye mafuta. Mara ya kwanza alikimbia hadi akaangusha kiatu. Mara ya pili alikaa akalia. Baadaye alizoea, akawa anaketi tu na kusikiliza, kama mke anayesikia mumewe akihangaika uani. Hakujua kama yale yalikuwa mambo ya aimu, mizimu waliyoiogopa bibi zake, au ni akili yake mwenyewe. Hakutaka kujua.

Kwa hiyo usiku ule alipolala na ujumbe wa Kiema kichwani, hakuwaza kuhusu nani atasukumwa wala nani atakuwa bingwa. Aliwaza kwamba magari yakienda kwa makundi, hakutakuwa na kimya.

Jumamosi ilifika na jua kali. Mashabiki waliopinga walikuja vilevile, maana shabiki hata akikasirika haachi kuja; lakini walikuja na filimbi, na kila Kiema aliposhika kipaza sauti wakampulizia hadi akakiweka chini. Vijana wakayapigia makofi magari. Ulikuwa uwanja uliogawanyika kama kanisa linalogombea pasta.

Kalunde aliketi mahali pake. Mwenye bendera wa kona ile, kijana mpole, alimsogezea kiti nyuma. "Mwaitu," akamwambia, akimwita mama kwa Kikamba, "leo watakuja wengi. Usikae karibu."

Kundi la kwanza lilikuja kama ukuta unaoanguka. Kalunde hakuona gari wala dereva. Aliona wingu jekundu lenye mngurumo ndani yake, likapita, likaacha mchanga mdomoni. Kabla halijatulia likarudi tena, na tena, kila mara likiwa na sauti moja pungufu. Jukwaani watu walikuwa wanapiga kelele mbili, za furaha na za hasira, na kutoka mbali hazikuwa na tofauti.

Kundi la mwisho lilikuwa na msichana mmoja, Mutindi wa Matiliku. Mikail ndiye aliyelitengeneza gari lake. Kalunde alimfahamu kwa macho tu. Mzunguko wa kwanza wakapita. Wa pili wakaingia konani wote pamoja, vumbi likawameza, likawatapika upande wa pili. Spika ikasikika kwa mbali: "Na Mutindi haonekani hapa mbele! Mutindi wa Matiliku ametolewa, pole sana!" Jukwaa likapiga makofi ya kumuaga.

Hakuna aliyeshangaa. Kwenye mchujo wa namna ile, gari lisiloonekana ni gari lililoshindwa tu.

Magari yaliendelea upande wa mbali wa uwanja. Kwa muda mfupi kona ikabaki tupu. Na hapo Kalunde akaisikia Datsun.

Haikuwa kama miaka mingine. Ilikuwa karibu, chini yake kabisa, na haikuwa inanguruma taratibu. Ilikuwa inakohoa na kukohoa, mtu akikanyaga mafuta na kuachia, kama mwenye gari anayepiga honi nje ya lango la nyumba iliyolala.

"Kivuva?" alisema kwa sauti. Mwenye bendera akageuka.

"Umesema?"

"Unasikia hiyo gari?"

"Gari gani, mwaitu? Wako kule ng'ambo."

Kalunde alikuwa ameshaanza kuteremka. Miiba ilimshika sketi, mawe yakamteleza chini ya miguu, na harufu ya petroli ikampiga kabla hajaona kitu. Gari jeupe la Mutindi lilikuwa limelala juu chini kati ya migunga miwili. Msichana alining'inia kwenye mkanda kichwa chini, damu ikimwingia mdomoni na puani, macho yakiwa wazi. Alikuwa akijaribu kusema kitu na pumzi haikutosha.

Kalunde aliingiza mikono dirishani, akakiinua kile kichwa chenye helmeti akakiegemeza begani mwake mpaka damu ikapata njia ya kutoka. Msichana akakohoa, akavuta pumzi. Kalunde akapiga ukunga. Lakini juu kule wingu lilikuwa linarudi, na ukunga wake ukapotea ndani yake kama tone ndani ya mto.

Ni mwenye bendera aliyemwokoa asigawanyike mara mbili. Alikuwa amemfuata. Alipoona, alitupa bendera, akashika kichwa cha Mutindi, na Kalunde akapanda tena ukingo kwa mikono na magoti. Alivua leso yake kiunoni akasimama katikati ya njia. Magari yalikuwa yakija. Alitikisa leso na kufumba macho, maana hakuwa na ujasiri wa kuyatazama. Alisikia breki, na mawe yakipiga mabati, na mtu akimtukana. Alipofumbua, gari la kwanza lilikuwa limesimama karibu kiasi cha kuligusa.

Mutindi alivunjika mkono na mbavu, akapasuka ulimi. Daktari alisema angekaa vile dakika chache zaidi angezama ndani ya damu yake mwenyewe.

Jioni ile Mikail alimfuata Kalunde alipokuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, mikono imeganda damu iliyokauka.

"Shemeji," alisema, "yule kijana wa bendera ananiambia ulisikia gari ikinguruma."

"Nilisikia."

"Nimeiangalia. Waya wa betri ulikatika huku juu, kabla haijabiringika. Injini ilizimika papo hapo." Alikuwa mzee sasa, ndevu zake nyeupe zimejaa vumbi. "Haikunguruma kule chini, shemeji. Haingeweza."

Walitazamana. Mikail ndiye mtu pekee duniani ambaye angeweza kukitambua kile kikohozi, na Kalunde alijua kwamba akitaja neno moja tu, fundi ataelewa. Hakulitaja. Mikail akasema, "Inna lillahi," kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Grupu iliwaka upya. Waliopinga sasa walikuwa na damu ya kuonyesha, na waliionyesha. "Tuliwaambia!" Vijana wakajibu kwamba Kivuva alikufa katika mchujo wa zamani, na huo ulikuwa wa gari moja moja, kwa hiyo waache kudanganya watu. Mtu akafuta maneno hayo, lakini Kalunde alikuwa ameshayasoma. Yalikuwa kweli.

Mutindi alikuja Mukuyuni mvua za Novemba zilipoanza, mkono ungali kwenye plasta. Aliketi kwenye benchi la wateja, akanywa chai, akashukuru, akashukuru tena. Kisha hakuondoka.

"Mama, kuna kitu naogopa kusema."

"Sema tu."

"Nilipokuwa nimening'inia, kulikuwa na gari kando yangu. Nilisikia. Nikajua mtu amekuja." Alijaribu kucheka. "Sasa imenifuata nyumbani. Inasimama nje ya dirisha, inanguruma. Nikitoka hakuna kitu. Mama yangu ameniona nikitoka toka, ameita pasta na kikundi cha maombi, waje waifukuze Jumapili." Aliangalia chini. "Wazee wa mbio waliniambia habari ya mzee wako. Nikaona nikuulize kwanza."

Kalunde aliushika upindo wa nguo aliyokuwa akishona. Tangu siku ile ya Agosti alikuwa hajasikia kitu. Alikuwa ameenda hadi korongoni peke yake katikati ya juma, akaketi kutwa nzima, akarudi na vumbi tu. Na kumbe Kivuva alikuwa Matiliku, nje ya dirisha la msichana wa watu. Wivu ulimshika, wivu mkavu wa mke, hata akaona aibu.

"Inakutisha?" aliuliza.

"Silali, mama."

Kalunde alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliona macho yaliyoingia ndani, na kidevu chenye kovu jipya.

"Waambie waje," alisema. "Na mimi nitakuja."

Alienda. Katika nyumba ya mabati ya kina Mutindi aliimba na wenzake, akapiga makofi, na pasta alipoamuru kwa sauti kuu kila kisicho cha nyumba ile kiondoke, Kalunde alisema "Amina" pamoja na wote. Kisha akatoka nje akasimama chini ya dirisha, mvua ikimnyeshea, mpaka mama yake Mutindi akaja kumshika mkono na kumrudisha ndani.

Baada ya hapo Mutindi alilala.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya mashabiki walikutana katika ukumbi wa hoteli moja Sultan Hamud, wakapiga kura kwa kuinua mikono. Gari moja moja lilirudi. Kiema, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisimama akaomba msamaha mbele ya watu, na mwalimu mstaafu akapendekeza Kalunde apigiwe makofi. Ukumbi mzima ulisimama. Walidhani wamempigania yeye, na yeye akawainamia kichwa kwa heshima.

Agosti ikaja tena. Mutindi alikuwepo, hakuendesha, alikuwa kando ya Mikail akimpasia spana. Kalunde alibeba kiti chake hadi juu ya korongo. Gari la kwanza likaingia peke yake, likaipita kona vizuri, likaenda. Jukwaani shangwe zikapanda, watu wakikumbatiana kama waliorudishiwa mbuzi wao. Kisha, kama zamani, wote wakanyamaza kungoja la pili.

Upepo ulipita kwenye migunga. Mbuzi alilia mbali. Kalunde aliinamisha sikio, akangoja, na kule chini hakukuwa na kitu chochote.

Mwenye bendera alimtazama. "Uko sawa, mwaitu?"

"Niko," alisema. "Ita lingine."